Glasgow: Mji Unaouliza Mtoto Anahitaji Nini



Katika ukurasa huu wa safari tumezoea kutembelea miji kwa ajili ya majumba yake, masoko yake na habari za watu wake wa kale. Mwezi huu tumekwenda Glasgow, mji mkubwa kuliko yote ya Uskoti, na tumekwenda kwa ajili ya sheria. Msomaji asishangae. Sheria nayo ina makao yake. Hukaa katika madarasa, katika kuta, na katika jinsi mwalimu anavyompokea mzazi mlangoni. Na mwenye kutaka kuijua hana budi kufunga safari akaitazame ilipo.

Swali lililotufungisha safari ni lile linaloulizwa na wazazi wengi wa jamii yetu katika nchi hii. Mtoto amefika umri wa kusoma naye hasomi, au hasemi, au husema nyumbani na kunyamaza darasani, au hawezi kukaa kitako hata kwa muda wa kunywa chai. Je, ni lazima daktari aandike kwanza jina la maradhi ndipo shule ianze kumsaidia? Wako wazazi walioliogopa jina hilo, wakihofu maneno ya watu na posa za dada zake, wakakaa kimya. Wako waliolitaka, wakajiunga na foleni ya hospitali ambayo yaweza kuchukua miaka. Wa kwanza wanakimbia jina na wa pili wanalikimbilia, lakini mtoto wa huyu na mtoto wa yule wote wameketi darasani wakisubiri.

Treni ya kutoka stesheni ya Euston, London, huchukua saa nne na nusu hivi kufika Glasgow. Mji umejengwa kandokando ya mto Clyde, ambao zamani ulisifika duniani kwa kuunda meli, na majumba yake ya mawe mekundu hung'aa vizuri sana baada ya mvua, nayo mvua haikosekani. Tangu mwaka 2000, serikali ilipoanza kuwagawa waomba hifadhi katika miji mbalimbali, Glasgow imepokea familia nyingi kutoka Afrika. Miongoni mwao wapo Wakongo na Wasomali wanaosema lugha yetu, hivyo si ajabu ndani ya basi kumsikia mama akimkanya mwanawe kwa Kiswahili cha Bukavu.

SHULE ILIYOGEUKA MAKUMBUSHO

Glasgow ina reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1896, inayozunguka duara moja tu, kiasi kwamba mgeni hawezi kupotea. Akipitiliza kituo hukirudia. Tuliteremka katika kituo cha Shields Road, na mbele yetu ikasimama shule ya Scotland Street, iliyochorwa na msanifu mashuhuri wa mji huo, Charles Rennie Mackintosh, na kufunguliwa mwaka 1906. Ina minara miwili ya vioo ambamo ngazi hupanda zikioga mwanga wa jua. Ilikusudiwa kupokea watoto 1,250. Baadaye viwanda na barabara kuu vilizifukuza familia za mtaa ule, watoto wakapungua hadi wasifike 100, na mwaka 1979 shule ikafungwa. Baadaye jengo likageuzwa kuwa jumba la makumbusho la elimu.

Uzuri wa jengo usitusahaulishe maisha yaliyokuwa ndani yake. Wavulana walikuwa na mlango wao, wasichana wao, na watoto wadogo wao. Madawati yalipangwa kwa safu, na wote walisoma ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Aliyeshindwa kufuatana na wenziwe katika shule za Uskoti za zama zile aliujua mkanda wa ngozi, uliopasuliwa ncha, ambao ulichapwa juu ya kiganja. Mkanda huo ulikuwa silaha ya walimu kwa vizazi vingi, na haukuondolewa kisheria katika shule za serikali za nchi hii hadi mwaka 1987.

Kwa watoto walioonekana kuwa hawafai hata kwa mkanda, ilitengenezwa orodha. Kanuni zilizotolewa England mwaka 1945 ziliwagawa katika makundi 11: vipofu, viziwi, wenye kifafa, na kadhalika. Kundi moja liliitwa la watoto wenye akili pungufu kwa elimu. Mtoto alipimwa, akatiwa katika kundi, kisha akapelekwa katika shule ya kundi lile. Jina ndilo lililokuwa tiketi, na safari yake mara nyingi ilikuwa ya kwenda bila kurudi.

Habari hii yatuhusu sisi wahamiaji kuliko tunavyodhani. Mwaka 1971 mwalimu mmoja kutoka Grenada, Bernard Coard, aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kijitabu kilichoonyesha kwamba watoto wa familia zilizotoka visiwa vya Karibi walikuwa wakitupwa kwa wingi mno katika shule za wenye akili pungufu. Watoto wale walipimwa kwa lahaja isiyokuwa yao na kwa picha za maisha wasiyoyajua. Wengine walikuwa wametoka kuungana na wazazi wao baada ya miaka ya kutengana. Shida yao ilikuwa ya kweli, lakini jina walilopewa halikuwa lao. Kwa hiyo mzazi wa Kiafrika anayesita kumkabidhi mwanawe kwa mpimaji hana wazimu. Hofu yake ina historia.

NENO MOJA KATIKA SHERIA

Mageuzi yalianza na tume iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1978 na kuhusu England, Uskoti na Wales kwa pamoja. Tume ilisema kwamba mtoto mmoja katika kila watano huenda akahitaji msaada wa ziada wakati fulani wa masomo yake, na kwamba makundi yale ya zamani yaachwe, kwa kuwa kujua kundi la mtoto si kujua anachohitaji. Watoto wawili wasioona wanaweza kuhitaji mambo mawili tofauti. Na mtoto anayeona na kusikia vizuri anaweza kuhitaji zaidi ya wote wawili.

Uskoti iliichukua fikra hiyo ikaifikisha mbali. Sheria yake ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Novemba 2005, yasema kwamba mtoto ana haja ya msaada wa ziada iwapo, kwa sababu yoyote ile, hawezi kunufaika na masomo bila ya msaada huo. Tunaomba msomaji ayasome tena maneno hayo: kwa sababu yoyote ile. Ndiyo mhimili wa sheria nzima. Sababu yaweza kuwa ulemavu au maradhi. Yaweza kuwa msiba nyumbani. Yaweza kuwa mtoto anamuuguza mama yake, au anaonewa na wenziwe, au amehamahama kutoka nchi hadi nchi. Yaweza kuwa mtoto ana kipaji kikubwa mno hata masomo ya kawaida yanamchosha. Na yaweza kuwa lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili, na Kiingereza bado kinampiga chenga. Sheria hairefushi orodha ya majina. Yauliza tu iwapo mtoto anahitaji, na anahitaji nini.

Kwa sababu hiyo hesabu za Uskoti humshangaza mgeni. Katika hesabu ya wanafunzi ya mwaka 2024, zaidi kidogo ya watoto 40 katika kila 100 waliandikwa kuwa na haja ya msaada wa ziada. Hiyo haina maana kwamba karibu nusu ya watoto wa nchi ile ni wagonjwa. Maana yake ni kwamba waliohesabiwa ni wahitaji, na mtoto wa Kiswahili aliyefika juzi amehesabiwa pamoja na mtoto wa Kiskoti asiyesikia. Jambo likiwa la wengi kiasi hicho, aibu yake hupungua.

UJI KABLA YA JINA

Wahenga wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Tulipokuwa Glasgow tuliuona msemo huo ukitendwa, tena mezani.

Mwaka 1969, mwanasaikolojia wa elimu aitwaye Marjorie Boxall, katika mtaa wa Hackney, London, alianzisha vyumba vidogo vya malezi ndani ya shule za kawaida kwa watoto walioingia shule wakiwa hawana utulivu wa kusoma. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, Glasgow imeeneza vyumba hivyo katika shule zake nyingi za msingi. Chumba cha namna hiyo kina kochi, meza ya kulia na jiko dogo. Watoto hawazidi kumi na wachache, na watu wazima ni wawili. Asubuhi hupakana siagi katika mkate, hupitishiana sahani, husema tafadhali na ahsante, hungoja zamu. Ndipo masomo hufuata. Mtoto hubaki kuwa wa darasa lake la kawaida, na nia ni kumrudisha huko moja kwa moja. Mwenye kuingia hatakiwi cheti cha daktari. Mwalimu humtazama mtoto, hupima kwa maswali maalumu anachoweza na asichoweza, na kazi huanza.

Mama mmoja wa jamii yetu, aliyetukaribisha kwake kwa chapati na maharage ya nazi, alitueleza habari za mwanawe wa pili. Mtoto alianza shule akiwa na miaka mitano, akakaa miezi minne bila kutamka neno. Hakutazama watu usoni, na kengele ya shule ilipolia alijibanza chini ya meza. Mama akaogopa kwamba watamwita jina baya na kumwondoa. Walimu wakamwita, wakamketisha na mkalimani, na swali lao la kwanza lilikuwa: “Nyumbani, mama, ni nini humtuliza?” Akawajibu: kujua kabla kitakachofuata, na kukaa mahali penye ukuta mgongoni.

Kuanzia wiki ile mtoto akapewa kiti kilichoegemea ukuta, mbali na mlango. Mezani pake pakabandikwa picha za mambo ya siku nzima kwa utaratibu: koti, mkate, hesabu, mchezo, nyumbani. Mwalimu akawa anamjulisha dakika mbili kabla ya kengele kulia. Kadhalika akaletwa mtu anayesema Kiswahili, naye akagundua kwamba mtoto yule aliyedhaniwa hajui kuhesabu alikuwa akihesabu hadi 100 kwa lugha ya mama yake. “Shangazi zake waliniambia nimpeleke akaombewe, nami niliomba,” alisema mama, “lakini Mungu alinijibu kwa picha za karatasi.” Tulipomtembelea, mtoto yule alikuwa na miaka minane, akituonyesha daftari lake kwa sauti ya kusikika vizuri. Hospitali ilikuwa bado haijamaliza uchunguzi wake. Lau msaada ungengoja uchunguzi, miaka hiyo mitatu ingekwenda bure.

UKUTA UNAOSOMWA KWA MKONO

Siku ya mwisho tulikwenda upande wa kusini-magharibi, karibu na bustani kubwa ya Bellahouston, kuitazama kwa nje shule ya Hazelwood. Shule si mahali pa watalii, nasi hatukuomba kuingia. Lakini jengo lile limeelezwa sana na wasanifu majengo, na siri yake inajulikana. Lilifunguliwa mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa zaidi ya aina moja, hasa wasioona na wasiosikia kwa pamoja. Mchoraji wake, Alan Dunlop, alilipinda jengo lipite baina ya miti iliyokuwapo, na ndani akaweka ukuta mrefu uliovikwa gamba laini la mti, lile litengenezalo vizibo vya chupa. Mtoto huupapasa ukuta kwa kiganja, nao humwelekeza njia ya kwenda darasani bila ya kushikwa mkono.

Tulisimama nje ya uzio tukailinganisha shule hii na ile ya minara ya vioo. Zote mbili ni kazi za mabingwa. Ile ya 1906 ilijengwa ipendeze, kisha mtoto akatakiwa kuifuata. Hii imeanza na mtoto: kiganja chake kinataka nini? Hata hapa, ambapo watoto wengi wana majina ya kidaktari yaliyo wazi, jina halikutosha kumwambia fundi ajenge nini. Ilibidi aulize mkono wa mtoto unahitaji kugusa nini.

KASORO ZAKE

Tusiwapambe Waskoti kupita kiasi. Mwaka 2020 uchunguzi ulioongozwa na Angela Morgan ulieleza kwamba sheria ni njema lakini utekelezaji wake hutofautiana mno baina ya shule na shule. Februari 2025 wakaguzi wa hesabu za umma wa Uskoti nao walisema kwamba serikali haikupanga vya kutosha kwa ajili ya utaratibu huu mkubwa. Walimu wanalalamika kwamba kazi imeongezeka kuliko mikono. Uko pia mpango rasmi wenye nguvu ya kisheria, kwa mtoto ambaye haja zake ni nzito, zitadumu zaidi ya mwaka, na zinahitaji idara nyingine kama vile ya afya pamoja na ile ya elimu. Lakini wenye mpango huo hawafiki hata mmoja katika kila watoto 100. Mlango uko wazi, ndani kuna msongamano.

Wala hatusemi kwamba jina la daktari halina kazi. Mtoto mwenye kifafa anahitaji dawa, na dawa haitolewi kwa kubahatisha. Asiyesikia vizuri apimwe masikio mapema. Kijana mwenye usonji aweza kufarijika akijua kwamba wako wengine kama yeye, na kwamba hakuwa mtukutu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mzazi asiache miadi ya hospitali kwa sababu shule imeanza kusaidia. Tunalosema ni kwamba mambo hayo mawili yaende sambamba, moja lisimngoje mwenziwe.

LA KUFANYA

Wasomaji wetu wengi hawakai Uskoti, na watauliza habari hii inawafaa nini. Inawafaa. Katika England, sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014 nayo haidai jina la maradhi: inatazama iwapo mtoto ana ugumu wa kujifunza uliozidi sana ule wa wenziwe, na iwapo anahitaji msaada ulio tofauti. Kila shule ya kawaida ina mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu, na utaratibu wake ni hatua nne zinazozunguka: kupima, kupanga, kutenda na kutathmini. Mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri ya mahali pake aombe mtoto afanyiwe tathmini, na kazi yote, hadi mpango wa mwisho ukikubaliwa, imewekewa wiki 20. Tofauti moja ikumbukwe: huko England kutojua Kiingereza peke yake hakuhesabiwi kuwa ugumu wa kujifunza. Wales ina sheria yake ya mwaka 2018, yenye mpango wa kila mtoto.

Kwa wakaao Uskoti, wanayo haki ya kumleta jamaa au rafiki katika kikao cha shule, ya kupata msuluhishi wa bure wanapogongana na halmashauri, na kwa mambo fulani ya kufika mbele ya baraza la rufaa. Tangu Januari 2018, hata mtoto wa miaka 12 hadi 15 aweza kudai baadhi ya haki hizi mwenyewe. Lipo pia shirika liitwalo Enquire linalowashauri wazazi bila malipo.

Popote mlipo, ombeni mkalimani. Mtoto asifanywe mkalimani wa habari zake mwenyewe. Atameza nusu ya maneno kwa haya. Na kabla ya kwenda shuleni, baba na mama waketi pamoja usiku mmoja, waandike kwa Kiswahili mambo matatu: mtoto anaweza nini, anashindwa wapi, na nini humsaidia anaposhindwa. Bibi akiwapo naye aulizwe, maana huenda ndiye aliyemwona zaidi. Ukurasa huo hauhitaji muhuri wa daktari. Mwalimu mwema atafurahi kuupokea, na mwalimu mzito atalazimika kuujibu, kwa kuwa umeandikwa na una tarehe. Mwekeni nakala yake nyumbani, na kila muhula ongezeni mstari mmoja.